Njaa Isiyokaa Tumboni

Mwanangu,

Umeniuliza kama ufanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo au uache, na ukaniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Nimekaa na swali lako kwa muda kwa sababu mimi ni mtu mzima niliyechoka, na mtu aliyechoka akijibu haraka hujibu kwa hasira au kwa kukata tamaa. Wewe hustahili hata kimoja. Nisome polepole. Yapo utakayoyaruka leo ukayarudia siku nyingine, nami sina haraka.

Nianze na hili la uvivu, maana naona limekuchoma kuliko mengine yote. Yupo aliyekwambia kwamba wanaokatwa tumbo ni watu walioshindwa kufunga mdomo. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji mpaka nikastaafu, na magoti yangu yananikumbusha kila nikisimama kwa swala. Sijaona mvivu anayekubali kupigwa nusu kaputi, kuamka na mirija, kunywa supu kwa kijiko wiki nzima, na kumeza vidonge maisha yake yote yaliyobaki. Mwili ukishazoea kilo nyingi hauziachii kwa hiari. Ukijinyima, njaa huongezeka, na nguvu ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika hupungua, hivyo unakula kidogo na bado hupungui. Ndiyo maana ule mwaka uliotembea kila alfajiri na kunywa maji ya tango ulipungua kweli, watu wakakusifu, kisha kilo zikarudi na wageni wake. Imani yako haikuwa na kasoro. Mwili ulikuwa ukijilinda, na haujui kwamba njaa uliyoileta ni ya hiari.

Wala upasuaji wenyewe si mtindo wa jana. Madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walianza kuunganisha utumbo ili mtu apungue miaka ya 1960. Wasweden nao walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene mkubwa, karibu nusu yao wakapasuliwa, waliobaki wakatibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba katika waliopasuliwa walikufa watu wachache zaidi. Nakuandikia haya ili usidhani shangazi yako anataka kukutisha. Kwa mtu mwenye presha, sukari, na pumzi inayokatika usingizini, kisu hiki kinaweza kumrefushia maisha, na mimi siwezi kusimama mlangoni nikuzuie.

Lakini kuna hesabu ya kufanya kabla ya yote. Madaktari huchukua kilo zako wakazigawa kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe. Wewe una mita 1.6, ukiizidisha kwa 1.6 unapata 2.56. Kilo 110 ukizigawa kwa hiyo inakuja karibu 43. Kwa mwongozo uliowekwa Marekani mwaka 1991, upasuaji ulikuwa kwa mwenye 40 na kuendelea, au 35 akiwa na maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii viliteremsha kiwango hadi 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa hiyo wewe umo, hujitafutii ugonjwa usiokuwa nao. Yule rafiki yako wa kilo 78 anayetaka kwenda kwa sababu ya gauni la sare ya harusi, mwambie atulie.

Sasa ujue unachokiomba. Kuna puto, ambalo hata pale hospitali ya Mloganzila huwekwa. Linapitishwa mdomoni, linajazwa likiwa tumboni, hukaa miezi 6 au hata 12 kulingana na aina yake, kisha hutolewa. Hakuna kinachokatwa, na likishatoka tumbo linarudi kuwa lilelile. Upasuaji wenyewe siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera, hawakupasui tumbo lote kama tulivyozoea zamani. Ule unaofanywa zaidi duniani ni wa kukata tumbo kwa urefu wake: karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo inatolewa nje, na kinachobaki ni mrija mwembamba unaofanana na ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Sehemu ile inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, na ndiyo sababu wengi husema miezi ya mwanzo hata harufu ya pilau haiwasumbui. Upasuaji wa pili hutengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, kisha utumbo unaunganishwa hapo, chakula kikapita bila kugusa tumbo kubwa.

Hatari zipo. Sehemu iliyobanwa kwa pini inaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni, ndiyo maana wauguzi watakusimamisha utembee siku hiyohiyo nawe utawachukia. Vifo ni vichache mikononi mwa timu iliyozoea kazi, lakini si sifuri, na wewe una watoto wawili. Muulize daktari mwenyewe, bila aibu, amewafanyia wangapi na wangapi walirudi na matatizo. Daktari mzuri haudhiki kwa swali hilo.

Tuje sasa kwenye lile ulilolitaja kwa mstari mmoja ukakimbilia kuuliza bei. Uliandika, "Shangazi, nikiwa na mawazo nakula." Ujumbe wako ulikuwa mrefu, na kwangu mimi ujumbe wote ulikuwa katika mstari huo.

Mumeo alipofariki ulikaa eda miezi 4 na siku 10. Nilikuwepo sehemu kubwa ya siku hizo. Kila aliyekuja kukufariji alikuja na hotipoti: wali wa nazi, sambusa, mkate wa kumimina, biriani ya kuku, na kalimati kwa ajili ya watoto. Hukuweza kutoka. Hukutaka kulia mbele ya wanao. Hukuweza kulala. Uliweza kula, na wote tulioketi pale tukashukuru, "Angalau anakula." Eda ikaisha, watu wakarejea majumbani kwao, hotipoti zikaacha kuja. Saa ile ya usiku, watoto wakishalala na nyumba ikitulia, ilibaki, na ikaendelea kudai chake. Chakula kilikaa nawe wakati hakuna aliyebaki kukaa nawe. Nani atakulaumu kwa hilo? Mimi siwezi.

Nisikilize vizuri hapa. Kisu kitalipunguza tumbo. Saa ile hakiifikii.

Nimewaona wagonjwa wakitoka wodini wakiwa na tumbo dogo na huzuni ileile waliyoingia nayo, na huzuni ikatafuta mlango mwingine. Ugali na nyama havipiti, lakini aiskrimu inapita. Soda inapita. Maziwa mazito ya kopo yanapita, chokoleti inayeyuka ikapita, biskuti zikichovywa kwenye chai zinapita, moja moja, kutoka saa 3 usiku hadi saa 6, bila mtu kushiba wala kutapika. Hakuna mlo mkubwa, ni kudonoadonoa tu, na baada ya miaka miwili au mitatu kilo zinaanza kurudi na mtu anaona aibu kurudi kliniki. Hapo ndipo anapoharibikiwa, kwenye ile aibu. Kwa aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi inaweza kumwagika haraka kwenye utumbo, akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akaharisha na kulala chini. Wengine huliona hilo kuwa adhabu inayofaa. Mimi sijawahi kuona mtu aliyeponywa msiba kwa kuadhibiwa.

Kuna jambo zito zaidi. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2012 kwamba baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, matatizo ya pombe yaliongezeka katika mwaka wa pili. Najua wewe hunywi. Nakueleza ili uone kwamba mtu akinyang'anywa kile alichokuwa akitulizia moyo, moyo unatafuta kingine. Imeonekana pia kwamba baadhi ya waliopasuliwa, hasa waliokuwa na sonona kabla, hufikia kutaka kujidhuru. Ndiyo sababu hospitali zinazofanya kazi hii kwa uangalifu hukupeleka kwanza kwa mwanasaikolojia. Usimwone kama askari wa kukukatalia. Mweleze yote: kwamba unakula usiku, kwamba kuna siku unakula mpaka tumbo linauma na bado mkono hausimami, kwamba unaficha pakiti chini ya taka asubuhi. Uliniambia hilo la pakiti nami nimelitunza. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kula kwa namna hiyo, kwingi, kwa haraka, bila kujiweza, na baadaye mtu akajichukia, ni maradhi yanayotambuliwa na waganga wa akili, yana jina katika vitabu vyao na yana tiba. Tiba yake kubwa ni ya mazungumzo yenye mpangilio, wiki baada ya wiki, na pengine dawa. Ukitibiwa hilo huzuiwi kupasuliwa. Unakwenda ukiwa na kitu cha kushika.

Najua utaniuliza ufanye nini usiku huu, maana kliniki haifunguliwi saa 4 usiku.

Usiku huu anza kwa kuacha kushinda na njaa. Unaamka, unakunywa chai ya rangi, unakwenda kazini, mchana unakula tufaa kwa sababu wenzako wanakutazama, na jioni unarudi mwili umedai tangu asubuhi. Huzuni ikikukuta na njaa ya kutwa nzima, huwezi kushindana navyo viwili. Kula asubuhi, chakula chenye yai au maharage. Kula mchana, ukae chini. Kula jioni na watoto, sahani yako mwenyewe, mezani, si kwa kuonja sufuriani. Hili peke yake limewatuliza wengi kabla ya dawa yoyote.

Kisha, saa ile ikifika, jiulize kama kiporo cha ugali na mchicha kingekutosha. Njaa ya tumbo haichagui, inakuja taratibu na inakubali kilichopo. Ile nyingine inakuja ghafla na inajua inachotaka kwa jina: chipsi mayai za pale kona, zenye tomato nyingi, na soda baridi. Ukiona imetaja jina, usigombane nayo. Chukua daftari uandike mistari miwili: nini kimetokea leo, na nani hukumwambia. Usiandike kilo, usiandike ulichokula. Utashangaa jinsi majina yaleyale yanavyojirudia. Mama mkwe. Ada ya shule. Ile siku ya Ijumaa ambayo marehemu alizoea kuja na samaki. Baada ya kuandika, ukitaka kula, kula, lakini ukae chini na taa iwake. Ukitaka kunipigia simu, piga. Mimi usingizi umenikimbia miaka mingi, utanikuta macho.

Na lia, mwanangu. Miaka imepita na sijakuona ukilia. Subira haijaharamisha machozi. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Watu wanakusomea ile hadithi ya theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi, kana kwamba iliteremshwa ili ukae nayo kwa aibu kila mbele ya sinia. Ni mafunzo ya huruma kwa mwili. Anayekupiga nayo hakuifahamu.

Hawa wanaokupiga nitasema nao mwenyewe. Yule anayekuita bonge mbele ya watoto wako, na yule aliyeweka picha yako kwenye kundi la familia na kuandika maneno chini yake, watanisikia kabla ya Ramadhani. Jamii yetu ina tabia ya ajabu katika jambo hili. Ulipoolewa ukanenepa walisema ndoa imekukubali, mumeo anakutunza. Ulipofiwa ukanenepa zaidi wakasema umejiachia. Ukipungua baada ya upasuaji watanong'ona kwamba una ugonjwa. Hakuna kilo hata moja duniani ambayo itawanyamazisha, kwa hiyo usipasuliwe kwa ajili yao.

Wala usipasuliwe kwa ajili ya mume. Nimesikia kuna mtu ameulizia habari zako na kwamba alisema neno kuhusu mwili wako. Sitalizungumza sana. Wale Wasweden walipoangalia ndoa waliona kwamba waliopasuliwa waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi kuliko wasiopasuliwa, na waliokuwa na wenza waliachana zaidi. Mwili ukibadilika kila kitu nyumbani kinatikisika, kizuri na kibaya. Anayekutaka sharti upungue kwanza, siku utakayougua atakuwa na sharti lingine. Na ukija kuolewa tena, madaktari hushauri kusubiri mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi hauna cha kumpa mtoto. Mweleze huyo mume mapema, na muulize daktari njia ya kupanga uzazi, maana baada ya kuunganishwa utumbo vidonge vya kumeza havitegemewi vizuri.

Nikutayarishe pia kwa maisha ya baadaye, kwa sababu mabango ya hospitali huonyesha suruali kubwa iliyoshikwa na mtu mwembamba, hayaonyeshi jikoni kwake. Wiki za kwanza ni vitu vya maji tu, kisha vilivyopondwa, kisha laini. Baadaye utakula vyote, lakini kwa kiasi cha kikombe cha kahawa, ukitafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Kunywa na kula havichanganywi: maji yanasubiri kama nusu saa baada ya mlo. Mwili utahitaji protini, gramu 60 kwa siku au zaidi, na yai moja lina gramu 6 hivi. Kwa hiyo samaki, kuku, maharage na mtindi vitatangulia, na wali utakula ikibaki nafasi. Kwa mtoto wa Tanga, kuuweka wali nyuma ni jambo la kujifunza kama lugha. Karibu mwezi wa tatu nywele zinaweza kukatika, usiogope, kwa kawaida huota tena. Ngozi italegea mikononi na tumboni. Mawe kwenye kibofu cha nyongo huja kwa wengine wanaopungua haraka. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D utameza daima, na damu itapimwa kila mwaka, hata mwaka ambao ada ya shule imekwenda juu. Unapouliza bei, uliza na hizo, usiulize ya chumba cha upasuaji peke yake. Mgonjwa anayetapika siku nyingi baada ya upasuaji asingoje nyumbani akisema itapita. Kukosa vitamini B1 kunaweza kumharibia neva na akili kwa muda mfupi, na hospitali ndogo inaweza isijue inachokiona. Na zile dawa za goti unazonunua duka la dawa bila cheti, diklofenaki na ndugu zake, baada ya kuunganishwa utumbo huleta vidonda. Zitabidi ziachwe.

Fikiria na harusi. Umeketi na wanawake wanne kwenye sinia moja, mikono inakwenda, na wewe umeshiba kwa matonge matatu. Mwenyeji anakutazama. Kwetu mgeni asiyekula amekataa zaidi ya chakula. Utasema nini? Utamwambia nani ukweli, na nani utamwambia unaumwa na tumbo? Wewe unataka jambo hili liwe siri, na siri hiyo itakufuata kwenye kila sinia, kila futari, kila msiba. Sisemi utangaze. Nasema chagua watu watatu au wanne wajue, wakukingie maneno, na mmoja wao awe anajua pia habari ya usiku. Swaumu nayo iulizie mapema. Mwaka wa kwanza huenda daktari akakuzuia, kwa sababu maji yote ya siku hayawezi kuingia kwenye tumbo hilo kati ya magharibi na alfajiri. Ukizuiwa, zungumza na sheikh, ruhusa ya mgonjwa ipo na si aibu.

Kuhusu kwenda Uturuki, kama ulivyotumiwa tangazo la kifurushi chenye hoteli na matembezi, naona uchungu. Wapo madaktari hodari kule, sikatai. Lakini vyombo vya habari vya Uingereza vimeripoti vifo vya watu wao waliokwenda kupasuliwa huko, na mvujo wa tumbo unaweza kujitokeza ukishapanda ndege kurudi. Utampigia nani? Nani atakupima damu mwaka wa tatu, na nani ataona kwamba umeanza tena kununua biskuti? Aliyekukata awe mtu unayeweza kumrudia kwa basi. Sindano hizi mpya za kila wiki, semaglutaidi na wenzake, nazo ni dawa kweli zikitolewa na daktari. Hupunguza hamu, na wengi wakiziacha uzito hurudi. Ziulizie kwa daktari. Zile zinazouzwa mtandaoni na chai za kusafisha tumbo usiziguse, nyingi ya chai hizo ni dawa ya kuharisha tu, na unachopoteza ni maji na chumvi za mwili.

Ukiniuliza sasa nasemaje: sikukatazi. Naona mwili wako unaumia, presha yako ilikuwa 160 kwa 100 nilipokupima Iddi iliyopita, na usiku nilikusikia ukikoroma kisha ukinyamaza kwa muda uliokuwa mrefu mno kwangu. Jambo hilo linahitaji hospitali, kwa kisu au bila kisu. Ninachokuomba ni mpangilio. Nenda kwanza kwa mwanasaikolojia, ukae naye miezi kadhaa, ule milo mitatu, uandike daftari. Ukiwa bado unataka kupasuliwa, na yeye na daktari wakaona unafaa, nitauza ile mikarafuu ya mama yako iliyo chini ya ulezi wangu nikuchangie, na kaka zako nitawaambia kuwa ni matibabu, wasiulize zaidi.

Tafuta miadi wiki hii. Mwombe daktari akupime sukari ya miezi mitatu, ini, damu, na vitamini D, na umuulize habari ya kukoroma. Chukua na daftari hata kama lina kurasa mbili tu. Watoto walete kwangu tangu jioni ya kabla, yule mdogo na blanketi lake. Nikuchukue mimi kliniki au uende peke yako, chagua wewe. Nikienda nawe nitakaa nje mlango ukifungwa, ili uweze kumwambia yale ambayo hata mimi hujaniambia.

Shangazi yako.